Kufuatilia kura za utawala za Cosmos Hub kwa terminali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye ATOM, sarafu ya mtandao wa blokicheni wa Cosmos Hub, aliyezifungia humo ili apate gawio, na ambaye amechoka kupata habari za kura baada ya kura kufungwa. Unachohitaji kujua tangu awali ni kufungua terminali, kunakili amri na kusoma kosa linapojitokeza. Amri zote za kuuliza mtandao zilizomo humu zinasoma tu. Hakuna inayogusa pesa.

## Mambo ya msingi

Kura za utawala ni nini hasa, na kwa nini nizifuatilie?

Cosmos Hub, iliyoanza kufanya kazi Machi 2019, haina mkurugenzi anayeamka asubuhi na kubadili masharti. Kiwango cha mfumuko (utengenezaji wa ATOM mpya), matumizi ya mfuko wa jamii na masasisho ya programu hupitia pendekezo linalopigiwa kura na wenye ATOM zilizofungiwa. Dirisha la kura kwa miaka mingi limekuwa siku 14.

Matokeo yake yanagusa mfuko wako moja kwa moja. Novemba 2023, pendekezo namba 848 lilishusha kikomo cha juu cha mfumuko kutoka asilimia 20 hadi 10. Aliyekuwa akipokea gawio la kufungia ATOM aliona tofauti hata kama hakuwahi kusikia kwamba kulikuwa na kura.

Si kuna tovuti zinazoonyesha kura hizi? Terminali ya nini?

Tovuti zipo na ni nzuri kwa kusoma mjadala. Lakini tovuti hungoja uifungue. Chombo cha terminali unakipanga mara moja, kinauliza mtandao kila baada ya dakika kadhaa, na kinakuita kukiwa na jipya. Pia unapata takwimu ghafi, bila mtu kukuchagulia cha kuona kwanza.

Kama una ATOM chache na unapiga kura mara mbili kwa mwaka, tovuti inakutosha. Anayefaidika zaidi na terminali ni anayesimamia pochi za kikundi, mthibitishaji (anayeendesha mashine za kuthibitisha miamala ya mtandao na kukabidhiwa ATOM za wengine), au mwandishi anayefuatilia mienendo ya kura.

Lazima niendeshe nodi yangu?

Hapana. Nodi ni kompyuta inayoshika nakala ya mtandao, na badala ya kuwa na yako unaweza kuuliza seva za umma. Anwani zake zimeorodheshwa kwenye hazina ya GitHub iitwayo `cosmos/chain-registry`. Mifano ya humu inatumia `https://rest.cosmos.directory/cosmoshub`, ambayo hupokea ombi lako na kulipeleka kwa mojawapo ya seva zilizo hai. Nodi yako mwenyewe ina maana pale ambapo huwezi kuvumilia seva ya mtu mwingine kulala. Tazama swali kuhusu kosa la 429 hapa chini.

Chombo kinahitaji maneno yangu 24 ya siri?

La, hata siku moja. Kura, matokeo na anwani ni vitu vya hadharani. Programu yoyote ya kufuatilia inayokuomba maneno ya siri au ufunguo wa pochi ni ya wizi, hata iwe na nembo ya kuvutia namna gani. Kupiga kura ndiko kunakohitaji ufunguo, na ushauri wangu ni kwamba kazi hizo mbili zisikae kwenye mashine moja kabisa: seva inayofuatilia ibaki mtupu, pochi ibaki kwako.

## Kusakinisha

Nianze na `gaiad` au na skripti?

Kuna njia mbili. `gaiad` ni programu rasmi ya Cosmos Hub, imeandikwa kwa Go, na inafanya kila kitu kuanzia kuendesha nodi hadi kuuliza kura. Njia ya pili ni `curl` na `jq`: ya kwanza inaleta majibu ya JSON (takwimu zilizopangwa kama maandishi) kutoka kwenye seva, ya pili inayachambua.

Kwa kufuatilia tu, mimi huchagua `curl` na `jq` bila kufikiri mara mbili. Ni nyepesi, zinaingia hata kwenye simu, na hazibadiliki kila mtandao unaposasishwa. `gaiad` iweke kando kwa kazi chache ambazo tutazitaja.

Ninasakinishaje vinavyohitajika?

Kwenye Ubuntu au Debian:

```bash
sudo apt update && sudo apt install curl jq
```

Kwenye Mac, tumia Homebrew, na uongeze `coreutils` kwa sababu amri ya `date` ya Mac haielewi chaguo tunalotumia kwenye skripti:

```bash
brew install jq coreutils
```

Baada ya hapo, popote palipoandikwa `date -d` wewe andika `gdate -d`. Ukitaka `gaiad` pia, pakua faili la toleo jipya kutoka hazina ya `cosmos/gaia`, au nakili msimbo wenyewe na uendeshe `make install` ukiwa na Go.

Sina kompyuta. Simu ya Android inatosha?

Inatosha kwa kujifunza na hata kwa matumizi ya kila siku, kupitia Termux:

```bash
pkg install curl jq cronie
```

`date` ya Termux ni ile ile ya Linux, kwa hiyo skripti inaenda bila marekebisho. Kikwazo ni Android yenyewe, ambayo hupenda kuua programu zinazofanya kazi chinichini ili kuokoa betri. Endesha `termux-wake-lock`, kisha ingia kwenye mipangilio ya betri uiondoe Termux kwenye vizuizi. Hata hivyo usiipe simu jukumu la kikundi kizima. Siku bando likiisha, kikundi kizima kimekuwa gizani.

Nimesakinisha `gaiad`, nikiuliza kura inajibu `connection refused`. Tatizo nini?

Hili ndilo swali linaloongoza. `gaiad` isipoelekezwa kwingine hutafuta nodi kwenye mashine yako mwenyewe, mlango 26657. Wewe huna nodi, kwa hiyo hakuna anayeitika. Mwonyeshe pa kwenda:

```bash
gaiad query gov proposals \
  --node https://cosmos-rpc.publicnode.com:443 \
  --output json
```

Usisahau `:443` mwishoni. Kivinjari huongeza namba hiyo chenyewe. Hapa iandike wewe.

Inaniambia `unknown flag: --status`. Mwongozo nilioufuata umekosea?

Huenda ulikuwa sahihi ulipoandikwa. Majina ya vichaguzi yamebadilika kati ya matoleo ya Cosmos SDK, programu ya msingi iliyojengea Cosmos Hub: kwenye matoleo ya zamani kichujio cha hali kiliitwa `--status`, kwenye mapya ni `--proposal-status`. Endesha `gaiad query gov proposals --help` na ufuate kile mashine yako inachokisema. Hii ni sababu nyingine ya kupenda `curl`: njia za REST, yaani anwani za wavuti ambazo `curl` huziuliza, zimetulia zaidi.

## Skripti yenyewe

Naomba skripti ndogo inayofanya kazi.

Hii hapa. Ihifadhi kama `kura.sh`, kisha uendeshe `chmod +x kura.sh`.

```bash
#!/usr/bin/env bash
set -euo pipefail

API="${API:-https://rest.cosmos.directory/cosmoshub}"
DAFTARI="$HOME/.kura/yaliyoonekana.txt"
mkdir -p "$(dirname "$DAFTARI")"
touch "$DAFTARI"

majibu=$(curl -fsS --max-time 20 \
  "$API/cosmos/gov/v1/proposals?proposal_status=2&pagination.limit=50")

echo "$majibu" |
jq -r '.proposals[]
       | [.id, .voting_end_time, (.title | gsub("[[:cntrl:]]", ""))]
       | @tsv' |
while IFS=$'\t' read -r id mwisho kichwa; do
  grep -qx "$id" "$DAFTARI" && continue
  saa=$(TZ=Africa/Dar_es_Salaam date -d "$mwisho" '+%d/%m/%Y %H:%M')
  echo "Pendekezo $id: $kichwa. Kura zinafungwa $saa"
  echo "$id" >> "$DAFTARI"
done
```

Inauliza mapendekezo yaliyo kwenye kipindi cha kura, inayalinganisha na daftari la yale uliyokwisha kuyaona, na kuchapa mapya tu. Ukiiendesha mara ya pili papo hapo itakaa kimya. Hapo inafanya kazi.

`proposal_status=2` ina maana gani?

Kila pendekezo lina hali, na kila hali ina namba. 1 ni kipindi cha kukusanya amana (fedha inayowekwa ili pendekezo lifike kwenye kura), 2 ni kipindi cha kura, 3 limepita, 4 limekataliwa, 5 limepita lakini utekelezaji umekwama. Ukitaka kuona yanayokuja kabla hayajafikia kura, badilisha iwe 1, ila soma kwanza swali kuhusu namba zinazoruka.

Kwa nini ile sehemu ya `gsub` iko pale?

Kichwa cha pendekezo huandikwa na yeyote mwenye amana ya kulipia. Ndani yake mtu anaweza kuficha herufi za udhibiti zinazofuta mistari ya terminali yako au kuandika maneno mengine juu yake. Kipande hicho kinazing'oa. Ni tabia njema kwa maandishi yoyote yatokayo kwenye blokicheni: yachukulie kama barua ya mtu usiyemjua.

Saa zinanichanganya. Kura zinafungwa lini kwa saa zetu?

Mtandao hutoa saa za UTC, kwa mfano `2025-03-10T13:05:22.417Z`. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele, kwa hiyo hiyo ni saa kumi na dakika tano alasiri. Mtego uko kwenye saa za usiku: `21:30Z` ya tarehe 10 ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 11. Aliyesoma tarehe bila kusoma saa huwa na uhakika kwamba zimefungwa siku moja kabla, au, kwa mtu aliyeko Marekani, anajikuta amebaki na muda mfupi kuliko alivyodhani.

Badilisha `TZ` kulingana na ulipo: `Africa/Kigali`, `Africa/Bujumbura` na `Africa/Lubumbashi` ziko saa mbili mbele ya UTC, `Asia/Muscat` iko saa nne mbele. Ukipendelea kuhesabu muda uliobaki ndani ya `jq`, fahamu kwamba `fromdateiso8601` hugoma ikikuta sehemu za sekunde. Ziondoe kwanza kwa `sub("\\.[0-9]+", "")`.

Nataka iendeshe yenyewe kila robo saa.

Fungua `crontab -e` na uongeze:

```
*/15 * * * * flock -n /tmp/kura.lock /home/jina/kura.sh >> /home/jina/kura.log 2>&1
```

Andika njia kamili za mafaili. Cron, kipangaji cha kazi kinachosoma mstari huo, haijui folda uliyokuwa umesimama, na PATH yake ni fupi, kwa hiyo programu uliyoisakinisha kwenye folda yako binafsi huenda isionekane. `flock` inazuia skripti mbili kukanyagana pale seva inapochelewa kujibu. Robo saa inatosha kabisa. Kura ya siku kadhaa haihitaji kuchunguliwa kila sekunde, na wenye seva watakuchukia.

Umeme ukikatika au mtandao ukipotea kwa siku nzima, napitwa?

Kwa pendekezo la kawaida, hapana. Skripti haitegemei kukuta tukio likitokea. Inauliza kilicho wazi sasa hivi. Ikirudi hewani itakuta pendekezo bado liko kwenye kura na itakuarifu. Hatari iko kwa mapendekezo ya haraka, ambayo matoleo mapya ya Cosmos SDK yanayaruhusu na ambayo dirisha lake ni fupi. Angalia `expedited_voting_period` kwenye vigezo. Kwa amri hii na nyingine za chini zenye `$API`, kwanza andika `API=https://rest.cosmos.directory/cosmoshub` kwenye terminali yako:

```bash
curl -fsS "$API/cosmos/gov/v1/params/voting" | jq .params
```

Vigezo hivi navyo hubadilishwa kwa kura, kwa hiyo usikariri namba za ukurasa wowote, huu ukiwamo. Visome.

## Arifa

Naipelekaje arifa kwenye Telegram?

Zungumza na `@BotFather` ndani ya Telegram, tengeneza boti, atakupa tokeni (nywila ya boti hiyo). Fungua mazungumzo na boti yako na ubonyeze kuanza. Usipofanya hivyo boti haina ruhusa ya kukuandikia kwanza, na wengi hukwama hapo. Kisha weka tokeni na namba ya mazungumzo kwenye faili lako peke yako:

```bash
touch ~/.kura/siri; chmod 600 ~/.kura/siri
```

Ndani ya faili hilo andika `TOKENI=...` na `CHATI=...`. Juu kwenye skripti ongeza `source "$HOME/.kura/siri"`, na badala ya `echo "Pendekezo..."` weka:

```bash
curl -fsS "https://api.telegram.org/bot$TOKENI/sendMessage" \
  --data-urlencode "chat_id=$CHATI" \
  --data-urlencode "text=Pendekezo $id: $kichwa. Kura zinafungwa $saa" \
  > /dev/null
```

Mpangilio una maana yake: arifa inatangulia, daftari linafuata. Telegram ikigoma, skripti inasimama kabla ya kuandika namba, na robo saa baadaye itajaribu tena. Ukigeuza mpangilio, pendekezo litaandikwa kuwa limeonekana ilhali hakuna aliyeliona.

SMS je?

Inawezekana kupitia watoa huduma wenye API, kama Africa's Talking ya Nairobi. Kila ujumbe una gharama, basi itunzie jambo moja tu: saa 24 za mwisho kabla kura hazijafungwa.

Chombo kimekaa kimya wiki nzima. Hakuna kura, au kimekufa?

Hapa ndipo zana nyingi za nyumbani huangukia. Skripti yetu ikishindwa kuifikia seva, inajifia na kuacha mstari mmoja kwenye faili la kumbukumbu ambalo hakuna anayelifungua. Kwako wewe, ukimya wa "hakuna jipya" na ukimya wa "nimekufa" ni ukimya ule ule.

Tiba ni salamu ya kila siku. Mwishoni mwa `kura.sh` ongeza `date > "$HOME/.kura/uhai"`, kwa kuwa tumeweka `set -e`, mstari huo unafikiwa tu kazi ikikamilika. Kisha skripti ya pili, inayoendeshwa kila asubuhi, ikutumie saa iliyoandikwa humo pamoja na idadi ya mapendekezo yaliyo wazi. Siku salamu isipofika, nenda kakague. Ukiweza, iweke salamu hiyo kwenye mashine tofauti, maana mashine iliyozimika haiwezi kukuambia kwamba imezimika.

Niweke maelezo ya pendekezo na viungo vyake kwenye arifa?

Usiweke. Matapeli wamewahi kutumia mapendekezo kama mabango ya bure: kichwa kinatangaza zawadi ya tokeni, maelezo yana kiungo cha tovuti inayonyonya pochi. Arifa ikitoka kwenye boti yako mwenyewe, watu wa kikundi wataiamini. Tuma namba, kichwa na saa. Anayetaka undani akatafute mwenyewe kwa namba hiyo.

## Kusoma matokeo

Pendekezo liko kwenye kura lakini matokeo yote ni sifuri. Hakuna aliyepiga?

Umesoma `final_tally_result`, ambayo hujazwa kura zikishafungwa. Matokeo ya sasa yana njia yake:

```bash
curl -fsS "$API/cosmos/gov/v1/proposals/NAMBA/tally" | jq .tally
```

Ombi hili huifanya seva ihesabu upya kura zote, kwa hiyo huwa zito. Liulize mara moja kwa saa, si kila robo saa.

Namba hizi kubwa ni kura ngapi?

Si idadi ya watu. Ni uzito wa ATOM, na umeandikwa kwa `uatom`: 1,000,000 ni ATOM 1. Namba zimefungwa ndani ya alama za nukuu, kwa hiyo kwenye `jq` zipitishe kwa `tonumber` kabla ya kugawanya. Minyororo mingine hutumia desimali 18, na huko `jq` hupoteza tarakimu za mwisho; kwa kukokotoa asilimia haidhuru, kwa hesabu za fedha inadhuru.

Pendekezo linapitaje?

Kuna chaguo nne: Ndiyo, Hapana, Hapana kwa Turufu, na Kutoegemea Upande. Kwenye JSON zinaonekana kama `yes_count`, `no_count`, `no_with_veto_count` na `abstain_count`. Milango ni mitatu, na kila mmoja una kigawanyo chake. Watu wengi hukosea kwa kutumia kigawanyo kimoja kwa yote.

Wa kwanza ni akidi: kura zote nne zikijumlishwa zifikie asilimia 40 ya ATOM zote zilizofungiwa. Kiasi kilichofungiwa unakipata kwa:

```bash
curl -fsS "$API/cosmos/staking/v1beta1/pool" | jq -r .pool.bonded_tokens
```

Wa pili ni turufu: Hapana kwa Turufu zikizidi asilimia 33.4 ya kura zilizopigwa, wasioegemea wakiwamo, pendekezo linaanguka na amana yake inachomwa. Wa tatu ni wingi: Ndiyo zizidi nusu ya Ndiyo, Hapana na Turufu, bila kuhesabu wasioegemea.

Mifano miwili inaweka wazi. Novemba 2022, pendekezo namba 82, lililobeba dira iliyojulikana kama ATOM 2.0, lilikuwa na Ndiyo nyingi kuliko chaguo lingine lolote. Likaanguka, kwa sababu turufu zilipita asilimia 37. Mwaka mmoja baadaye lile la 848 lilipata Ndiyo kama asilimia 41 tu ya kura zilizopigwa, likapita: mtu mmoja kati ya watano kwa uzito hakuegemea upande, na walipoondolewa kwenye hesabu Ndiyo zikavuka nusu. Chombo kinachochapa "41%, linashindwa" kingekudanganya mpaka dakika ya mwisho.

Matokeo ya katikati yanatabiri mwisho?

Vibaya. Mthibitishaji hupiga kura kwa uzito wa ATOM zote alizokabidhiwa, isipokuwa za wale waliopiga wenyewe. Mmoja mkubwa akisubiri saa za mwisho, mchoro wote unageuka. Tena kila mpigaji anaruhusiwa kubadili kura yake hadi dirisha lifungwe. Mimi ningechapa asilimia pamoja na saa zilizobaki, na kuacha neno "linapita" hadi hali iwe 3.

Nisipopiga kura, ATOM zangu hazihesabiki?

Zinahesabika kwa upande wa mthibitishaji wako. Akipiga Ndiyo, na zako ni Ndiyo. Ukipiga mwenyewe, kura yako inazichomoa ATOM zako kwenye fungu lake. Asipopiga, nawe usipopiga, hazihesabiki hata kwenye akidi. Ndiyo maana inafaa kumfuatilia yeye binafsi.

## Mitego na hali za pembeni

Ninaonaje mthibitishaji wangu amepigaje?

```bash
curl -sS "$API/cosmos/gov/v1/proposals/NAMBA/votes/cosmos1..." | jq .
```

Mtego wa kwanza: anwani ya mthibitishaji unayoijua huanza na `cosmosvaloper1`, lakini kura hurekodiwa kwa anwani yake ya kawaida inayoanza na `cosmos1`. Ni funguo zile zile zilizoandikwa kwa sura mbili. `gaiad debug addr cosmosvaloper1...` itakupa zote.

Mtego wa pili: asipokuwa amepiga kura, seva haijibu "bado". Hujibu kwa kosa, mara nyingi la 400, lenye ujumbe wenye maneno `not found for proposal`. Ukiweka `-f` kwenye `curl` utashindwa kutofautisha mvivu na seva mbovu. Ndiyo maana hapo juu haipo. Soma mwili wa jibu, utafute maneno hayo, na kosa jingine lolote ulihesabu kama "sijui".

Kura zimefungwa, nikitafuta kura ya mtu sioni kitu.

Mtandao hufuta rekodi ya kura moja moja baada ya kuhesabu, hubaki jumla. Miamala yenyewe imo kwenye historia ya bloku (mafungu ya miamala yanayofuatana), ila kuichimbua kunahitaji nodi iliyohifadhi historia yote. Ukitaka kumbukumbu, ihifadhi mwenyewe wakati kura ziko wazi: kila saa andika kura za anwani unazozifuatilia kwenye faili lenye jina la pendekezo na tarehe. Kwa waandishi na watafiti hii ndiyo kazi yenye thamani kuliko arifa zote.

Namba za mapendekezo zinaruka. Mengine yamefichwa?

Hayakufichwa. Pendekezo lisilokusanya amana kamili ndani ya muda wake hufutwa, na ukiliuliza unajibiwa kwamba halipo. Kutoka 82 hadi 848 ulipita mwaka mmoja tu, na sehemu kubwa ya namba za katikati ilikuwa takataka za matangazo ambazo hazikufika kwenye kura. Kwa hiyo usiandike skripti inayohesabu 1, 2, 3 na kusimama inapokosa jibu. Na ukifuatilia hali namba 1, zima arifa za simu. Ziandike kwenye faili tu.

Napata kosa la 429.

Umeuliza mno, au unashiriki anwani moja ya intaneti na watu wengi, jambo la kawaida kwenye mitandao ya simu. Punguza kasi, na weka orodha ya seva mbili tatu za kujaribu kwa zamu kupitia kigeu cha `API`. Seva zikitofautiana katika majibu, linganisha urefu wa bloku wa kila moja. Iliyobaki nyuma ndiyo inayokuonyesha ya jana.

Pendekezo limepita, mbona hali yake ni 5?

Kura zilitosha, lakini ujumbe uliokuwa ndani yake uligonga mwamba wakati wa kutekelezwa, kwa mfano kuomba fedha kuliko zilizomo mfukoni. Matoleo mapya huweka sababu kwenye `failed_reason`. Kwa pendekezo la kusasisha programu, kupita ni nusu ya habari: sasisho hutekelezwa bloku fulani ikifika, na unaiangalia kwa `/cosmos/upgrade/v1beta1/current_plan`.

Skripti hii itafanya kazi kwenye mitandao mingine?

Kwenye minyororo iliyojengwa kwa Cosmos SDK na inayotumia moduli yake ya kawaida ya kura, ndiyo: badilisha `API`. Osmosis, kwa mfano, ina njia zile zile, anwani zake zikianza na `osmo1`. Muda wa kura na vizingiti visome kwenye vigezo vyake. Tenga daftari la kila mtandao, la sivyo pendekezo namba 900 la huku litalifunika namba 900 la kule.

Ethereum na Polkadot ni habari nyingine kabisa. Kwenye Ethereum kila mradi una mkataba wake wa kura, na mingi hupigia kura nje ya mnyororo kupitia Snapshot. Polkadot ina mfumo wake wa OpenGov wenye njia kadhaa, kila moja na muda wake. `cron`, daftari, salamu ya asubuhi na Telegram utavitumia vile vile. Kinachobadilika ni mistari ya `curl` na `jq`.